Makuta yanayokuja mara moja



Ninataka kuwaelezea safari ya konji tuliyofanya katika mwezi wa saba wa mwaka 2023, bibi yangu na mimi pamoja na watoto wetu watatu, katika mji wa Dubai, kule kwenye jangwa la Waarabu. Pengine mutasema: «Huyu baba anakuja kujivuna.» Someni mpaka mwisho. Mutaona kama sina mengi ya kujivunia.

Makuta yalitoka wapi

Mimi ni fundi wa umeme. Nilitumika miaka 14 katika kampuni moja ndogo iliyokuwa ikipewa kazi na kampuni kubwa za migodi, hapa Kolwezi. Katika mwezi wa tano wa 2023 mkataba wake uliisha, nasi sote tukapewa dekonti, ndiyo kusema malipo ya mwisho. Ninyi watu wa migodi munajua dekonti ni kitu gani. Ni makuta yanayokuja mara moja. Siku ile unayashika mkononi unajiona tajiri, na unasahau kama mwisho wa mwezi hakuna tena mshahara.

Mimi nilipaswa kulijua neno hilo kuliko wengine. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kule Likasi. Mwaka 2003, wakati wafanyakazi elfu nyingi wa migodi walikubali kuondoka kwa mapenzi yao na kupewa makuta, naye alikubali. Alinunua motokari ya zamani apate kuifanya taksi. Mwezi wa kwanza tulikula nyama kila siku ya posho. Mwezi wa tatu moteri ilikufa. Ile motokari ilikaa mbele ya nyumba miaka 6, kuku wakataga mayai ndani yake. Baba alifariki mwaka 2011, mama akabaki peke yake katika ile nyumba ya kambi.

Sasa mbele dekonti yangu haijatoka, mama alikuwa amenipigia telefone mara mbili. Mabati ya nyumba yalioza, mvua ilikuwa ikiingia mpaka juu ya kitanda. Fundi alihesabu: yalitakiwa mabati 30, na bati moja ilikuwa dola 12. Nilimjibu: «Mama, ngoja kidogo. Dekonti ikitoka nitafanya.» Nilisema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe.

Daftari la mtoto

Bibi yangu anauzisha vitambaa na viatu vya watoto. Alikuwa amekwisha kufika Dubai mara mbili na wamama wenzake, kwa maana wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi na Kolwezi wanapita Addis Ababa na kwenda kule kutafuta vitu. Kila mara aliporudi, watoto walimzunguka: «Mama, tuelezee.» Naye aliwaelezea nyumba ndefu kupita zote za dunia, gari moshi lisilo na dereva, na theluji ndani ya nyumba.

Mimi kwa miaka 14 nilitumika kwa zamu, juma moja mchana, juma moja usiku. Niliporudi, watoto walikuwa wakitoka kwenda masomo. Wao waliporudi, mama yao aliwaambia: «Munyamaze, papa analala.» Siku moja nilifungua daftari la mtoto wetu wa mwisho, msichana wa miaka 6. Alikuwa amechora watu wote wa nyumba. Mama anapika, yaya anacheza mpira, dada anafagia. Papa amelala. Nikageuza ukurasa: papa amelala. Nikageuza tena: papa amelala.

Wasomaji, picha zile ziliniumiza. Nikasema moyoni: makuta yamefika, kazi haiko, tutoke pamoja, hata siku 8 tu. Bibi yangu aliniuliza: «Na mabati ya mama?» Nilijibu: «Itabaki kitu.»

Siku mbili mbele ya kuondoka, nilimpigia mama telefone. Nilimwambia kama kazi inanituma mbali kidogo, nikirudi tutazungumza. Alinijibu: «Enda na amani, mwana wangu. Nitakuombea.» Kazi gani? Nilikuwa sina kazi tena.

Mji wa jua

Munajua kwetu mwezi wa saba ni wakati wa baridi. Watoto walipanda ndege Lubumbashi wamevaa triko. Tulifika Dubai usiku, karibu saa 5, na milango ilipofunguka tulipigwa na hewa ya moto kama mtu aliyefungua tanuru ya mikate. Kijana wetu wa miaka 15 alivua triko palepale, akasema: «Papa, hapa usiku iko hivi, mchana itakuwa namna gani?»

Mchana joto lilipita digri 40. Kwa hiyo ninawaambia wazi: anayeweza kuchagua, aende kati ya mwezi wa 11 na wa 3, wakati hewa ni nzuri. Sisi tulifuata konji ya masomo, na hoteli nazo zinapunguza bei wakati wa jua kali. Tulikuwa tukitembea asubuhi mapema na magaribi. Katikati ya mchana tulikaa ndani. Hata sheria ya kule inakataza kutumikisha watu nje chini ya jua, tangu saa 6 na nusu mpaka saa 9 za mchana, kutoka tarehe 15 ya mwezi wa 6 mpaka tarehe 15 ya mwezi wa 9. Tuliwaona wajenzi wamelala juu ya makartoni kwenye kivuli cha ukuta, kofia zao za kazi kando ya vichwa. Kijana wangu aliwaangalia sana. «Papa, hawa wanafanana na watu wa kwetu kule mugodi,» alisema. Kweli walifanana: vile viatu, zile nguo za kazi, ile namna ya kulala kwa haraka.

Metro yao ilianza tarehe 9 ya mwezi wa 9 mwaka 2009, na kweli haina dereva. Watoto walikaa mbele kabisa, kwenye kioo, wakijifanya wao ndio waendeshaji. Lakini jichungeni na sheria. Hairuhusiwi kula wala kunywa ndani yake, na kuna sehemu ya wanawake na watoto ambamo mwanaume haingii. Mimi niliingia kwa kufuata watoto wangu. Mama mmoja alinionyesha kwa kidole mstari ulioandikwa chini. Faini yake ni dirham 100, na dola moja ni dirham 3 na nusu na kitu. Nilitoka mbio, watoto wakacheka mpaka machozi. Ninawaambia ukweli, sikumbuki siku nyingine ambapo watoto wangu walinicheka hivyo, na ilinifurahisha.

Tuliiona Burj Khalifa, ile nyumba ya metre 828 iliyofunguliwa mwaka 2010. Hatukupanda, ni bei. Lakini magaribi, chini yake, maji yanaruka juu pamoja na muziki, na kuangalia hakulipwi. Hapo ndipo binti yetu wa miaka 11 aliuliza: «Papa, huku mvua inanyeshaka?» Nikamjibu: «Kidogo sana.» «Na mto?» «Mto hauko.» «Sasa hii maji yote inatokaka wapi?»

Nilimweleza kama wanayatoa baharini, wanaondoa chumvi kwa mashini kubwa, na mashini hizo zinakula umeme mwingi. Alinyamaza, kisha akasema: «Shiye tuko na Lualaba, na mama anaamkaka saa 10 ya usiku kungojea maji ya bomba.» Mama yake aliniangalia. Sikuwa na jibu.

Lakini neno moja niliweza kuwafundisha, kwa sababu ndilo ufundi wangu. Niliwaambia: «Muangalie hizi klima, ziko kila dirisha. Ndani yake kuna mirija ya shaba. Moteri zake zimesukwa kwa waya za shaba. Na umeme unaoziendesha unapita katika shaba. Bila shaba, katika mji huu hakuna mtu angelala usiku.» Kijana wangu alishangaa: «Shaba yetu?» Nikasema: «Pengine yetu, pengine ya wengine. Shaba haiandikwi jina.»

Theluji na mabati

Siku ya nne tulienda kwenye theluji. Ni ndani ya jengo kubwa la maduka, mahali panapoitwa Ski Dubai, pamefunguliwa tangu mwaka 2005. Nje ni digri 40 na zaidi, ndani ni chini ya sifuri. Kwa mtoto mmoja tulilipa karibu dola 60. Watoto watatu, dola 180. Bibi yangu na mimi tulibaki nje, nyuma ya kioo kikubwa, tukiwaangalia.

Mutoto wa mwisho alichukua theluji kwa mikono miwili, akaionja kwa ulimi. Kijana alianguka, akaamka, akaanguka tena. Nilikuwa nikicheka. Kisha kichwa changu, bila mimi kukiomba, kikaanza kuhesabu: dola 180, gawanya kwa 12. Mabati 15. Nusu ya nyumba ya mama inayeyuka katika mikono ya watoto wangu.

Bibi yangu alinijua. Aliuliza polepole: «Unahesabu?» Nikasema: «Hapana.»

Mlinzi wa hoteli

Hoteli yetu ndogo ilikuwa upande wa Deira, mji wa zamani. Mlinzi wa usiku alikuwa kijana kutoka Kenya, upande wa Kisumu. Alipotusikia tukiongea, alishangaa: «Mzee, hiki ni Kiswahili gani mnaongea?» Niliposema makuta, alicheka. Kwao ni pesa. Tukawa marafiki. Kila usiku watoto wakilala, nilishuka kuzungumza naye.

Alinieleza kama anatumika saa 12 kila siku. Ana mtoto wa miaka 3 ambaye anamjua kwa telefone tu. Mwaka mzima wa kwanza alilipa deni la mtu aliyemtafutia kazi. Mwaka wa pili alimjengea mama yake nyumba. «Nyumba ndogo tu, mzee,» alisema. «Lakini nimepiga mabati. Mama yangu halowi tena.» Akanionyesha picha: mama mzee amesimama mbele ya mlango, mabati mapya yanang'aa juu.

Kisha akaniuliza: «Na wewe, mzee, mama yako yuko hai?» Nikajibu: «Yuko.» «Yuko sawa?» Nikasema: «Yuko sawa.»

Nilipanda katika chumba, sikulala.

Siku ya Mungu tulienda kanisani St. Mary's. Wengine kwetu wanafikiri kama katika inchi ya Waislamu Wakristo hawana mahali pa kusali. Kanisa hilo lilifunguliwa mwaka 1967, juu ya kiwanja alichotoa Sheikh Rashid, aliyekuwa mkubwa wa Dubai. Watu wamejaa, Wahindi, Wafilipino, Waarabu, Waafrika, na misa inasomwa kwa lugha nyingi. Tulipotoka, bibi yangu alisema: «Leo utamwambia mama.» Nilishika telefone. Nilimuuliza mama habari za afya, habari za majirani, habari za kuku. Lile neno halikutoka.

Petroli yao na shaba yetu

Siku ya sita tulivuka kwa mtumbwi wa moteri unaoitwa abra, dirham 1 kwa mtu. Maji yale tuliyavuka tukifikiri ni mto, kumbe ni mkono wa bahari unaoingia ndani ya mji. Ndipo nilianza kuelewa habari ya Dubai, na kisha nikaisoma zaidi.

Zamani watu wa pale waliishi kwa kuzamia baharini na kutafuta lulu. Katika miaka ya 1930, lulu za kufuga za Wajapani ziliiua biashara yao, njaa ikaingia. Baada ya miaka, Sheikh Rashid aliona ule mkono wa bahari unajaa mchanga, na mashua kubwa haziwezi kuingia. Alikopa makuta, akauchimbisha. Hapo petroli haijaonekana bado! Petroli ilipatikana mwaka 1966, ikaanza kuuzishwa ngambo mwaka 1969. Naye alijua kama petroli yake si nyingi, itapungua. Basi makuta yale hakuyala yote. Mwaka 1972 ilifunguliwa bandari moja, mwaka 1979 nyingine kubwa zaidi kule Jebel Ali. Leo petroli ni sehemu ndogo sana ya mapato ya Dubai. Makuta yao mengi yanatoka katika biashara, ndege, bandari na wageni kama sisi.

Siseme kama kila kitu ni kizuri kule. Nimewaambia juu ya wale wajenzi na yule mlinzi. Lakini katika ile abra nilimfikiri baba yangu na motokari yake, nikafikiri miji yetu, nikajifikiri mwenyewe. Petroli inakuja mara moja. Shaba inakuja mara moja. Dekonti inakuja mara moja. Wale walitengeneza mlango ambao makuta mengine yatapita. Mimi nilinunua theluji.

Mfukoni zilibaki dola 380. Nilikuwa nimepanga kununua televizio kubwa. Tulipokuwa tukipita katika maduka ya Deira, niliona duka moja la vitu vya umeme, na ndani yake marola ya waya ya shaba, ile nyembamba iliyopakwa rangi, ya kubobina moteri. Munajua moteri ya pampu ao ya mashini ya kusaga unga ikiungua, mtu anaondoa waya ulioungua na kusuka mupya. Kolwezi waya ule ni shida kuupata. Fikirini: inchi yetu ni kati ya inchi zinazotoa shaba nyingi kupita zote duniani, na waya wa shaba tunauletea kutoka jangwani!

Nilisimama mbele ya lile duka kwa muda mrefu. Dola 380. Hayo ndiyo yalikuwa mabati 30 ya mama, na misumari yake. Bibi yangu alisema tena: «Na mabati?» Nikamjibu: «Waya huu ndio utazaa mabati.» Nikanunua waya kilo 20, na chombo cha kupima umeme.

Mbele ya mama

Katika mwezi wa nane niliwapeleka watoto Likasi kumsalimu nkambo yao. Njiani niliwaambia: «Musizungumze sana juu ya safari.» Wazazi, musiwaambie watoto neno kama hilo. Kijana alinyamaza, binti alinyamaza, lakini yule mudogo, tulipoingia tu mlangoni, aliruka juu ya magoti ya nkambo yake: «Nkambo! Tulipanda ndeke! Tulikula theluji!»

Mama alimuuliza: «Theluji iko namna gani?» «Iko sawa barafu ya mu frigo, lakini laini sawa unga.» Mama alicheka, akamwambia aeleze yote. Mtoto alieleza metro, maji yanayoruka, papa anayefukuzwa na wamama. Mama alicheka tena. Mimi niliangalia juu. Kupitia mashimo ya mabati niliona mbingu.

Watoto walipotoka kucheza, alinyamaza kidogo. Kisha akasema: «Ile kazi iliyokutuma mbali, njo hii?»

Nikamweleza yote. Dekonti, daftari la mtoto, theluji, waya wa shaba. Nilingoja anilaumu juu ya mabati. Hakunilaumu juu ya mabati. Alisema: «Mwana wangu, kama ungekuja hapa na kuniambia, mama, watoto hawanijui, ningekuambia miye mwenyewe: enda nao. Na kama ungeniambia, mama, nimeona waya, ningekuambia: nunua waya kwanza, miye nitalala kwa jirani. Baba yako naye hakuniuliza. Alikuja na ile motokari imekwisha kununuliwa. Sasa weye pia.»

Wasomaji, niko mtu wa miaka 43. Nililia mbele ya mama yangu kama mtoto.

Yaliyofuata

Nilianza kubobina moteri chini ya muembe, nyuma ya nyumba yetu. Kazi ilikuja, lakini polepole. Bibi yangu alitoa faida ya viatu vyake, tukanunua mabati 12. Mwezi wa kumi tulifikisha 20. Lakini mvua haikutungojea. Usiku mmoja wa mwezi wa kumi ilinyesha kwa nguvu upande ambao haujafunikwa mupya, na maji yalishuka kwenye ukuta ambapo palitundikwa picha ya baba, amevaa kofia ya kazi, mbele ya kiwanda. Hatukuwa na picha yake nyingine. Asubuhi uso haukuonekana tena. Mama alilala kwa jirani majuma matatu. Katika mwezi wa kumi na mbili tulimaliza mabati yote 30. Picha haikurudi.

Leo chini ya muembe kuna hangari, na kijana wangu anajifunza ufundi pamoja nami akitoka masomo. Waya wa kwanza uliisha zamani. Tunanunua mwingine kwa faida ya kazi yenyewe. Na katika daftari la yule mudogo kuna picha ya papa juu ya nyumba ya nkambo, na nyundo mkononi.

Tarehe 16 ya mwezi wa 4 mwaka 2024, Dubai ilipata mvua kubwa kupita zote tangu walipoanza kuandika vipimo mwaka 1949. Uwanja wa ndege ulijaa maji, magari yakaelea barabarani. Binti yangu aliniletea telefone aone kama nitaamini: «Papa, ulisema mvua hainyeshaki!» Tulimpigia nkambo yao tumweleze. Aliuliza kama yule kijana wa Kenya yuko salama. Hatujui, hatukuandika namba yake. Mama alisema: «Hiyo nayo mulikosea.»

Wazazi wapendwa, siwaambii musitembeze watoto. Siku zile 8 watoto wangu walinijua, na hilo silijutii. Si lazima iwe Dubai. Hata mto wa karibu unatosha, kama papa haendi kulala pale. Lakini makuta yanayokuja mara moja yana wenyewe wengi: bibi yako, watoto wako, wazazi wako uliowaahidi. Muwaite wote, hata kwa telefone, mbele ya kununua kitu, na kila mtu aseme neno lake. Pengine watakuambia enda. Lakini wawe wamesema.

Nanyi vijana, siku papa ao mama anapokea dekonti, musiombe televizio kwanza. Ulizeni: «Ni nani tuliyemuahidi kitu?»

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika jamaa yetu, makuta yaliyokuja mara moja yalikwenda wapi? Ni nani aliulizwa, ni nani hakuulizwa?
2. Ni ahadi gani tuliyomwekea mzee wetu, na bado anaingojea?
3. Watoto wetu wangetuchora namna gani?

Baba mmoja wa Kolwezi